Shandelia tatu, dari fupi na mume mrefu

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Uyole hapa Mbeya. Mwaka jana tumehamia kwetu baada ya kupanga miaka mingi, na wewe unajua mtu akitoka kwenye nyumba ya kupanga anavyokuwa na hamu. Wengine hamu yao ni makochi, mimi yangu ilikuwa taa. Nilikuwa naziona kwenye simu zile shandelia ndogo zenye vioo vinavyoning'inia, watu wameweka sebuleni, chumbani, mpaka koridoni, nikawa najisemea nikipata kwangu na mimi nitaweka. Hela ya kikoba ilipotoka nikamwagiza mtu Kariakoo, zikaja kwa basi, tatu zinazofanana.

Hapo ndipo maneno yalipoanza.

Fundi alifunga ya sebuleni na ya chumbani. Ya sebuleni kaitundika kwenye jipsam moja kwa moja, kasema itakaa tu. Sasa dari imeanza kuweka ufa pembeni ya ndoano, na mtoto akikimbia naona kama inacheza. Taa ilikuja na nyaya tatu, fundi akakata mmoja akasema huo hauna kazi. Baba watoto ni mrefu, kama futi 6 na inchi 2, ameshaigonga kwa kichwa mara kadhaa, na kila akigonga anasema tuzing'oe zote tununue moja kubwa ya maana yenye hadhi. Mama mkwe alikuja kutoka Tukuyu kutusalimia, akakaa siku moja tu, akasema sebule yangu inawaka kama wodini na macho yanamuuma. Niliumia, Shangazi, maana balbu zile nyeupe nilinunua mwenyewe, muuzaji aliniambia nyeupe haili umeme. Lakini LUKU inaisha upesi kuliko tulivyokuwa kwenye nyumba ya kupanga. Za chumbani ni zile zilizokuja na taa, za nyuzi, zimeandikwa wati 40.

Tena vioo vya sebuleni vimeanza kuwa na ukungu mweusi. Jioni huwa tunaingiza jiko la mkaa ndani kwa sababu ya baridi.

Vipimo ni hivi: sebule futi 12 kwa 14, chumba chetu futi 9 kwa 10. Dari iko mita 2.5 kutoka sakafuni. Taa moja ina upana wa sentimita 45, kimo sentimita 40, na mnyororo kama sentimita 25, ina balbu 6 ndogo za kuzungusha. Meza ya kulia chakula ina upana wa sentimita 90, iko upande wa jikoni. Ya tatu bado iko kwenye boksi, nilitaka iende koridoni.

Nizing'oe? Nisipozing'oa nizitundike wapi? Na mama mkwe nimwambieje?

Mama wa Taa Tatu, Uyole.

*

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kuhamia kwenu.

Kabla ya urembo, nenda kazime swichi kuu, kisha mtafute mtu aishushe hiyo ya sebuleni leo. Usisubiri wikiendi. Jipsam ni unga wa jasi uliogandishwa katikati ya karatasi, unabeba rangi na urembo wake mwenyewe, haubebi kitu kinachoning'inia na kuyumba. Ufa unaouona pembeni ya ndoano ni ndoano inayotoka. Na hapo Mbeya mko kwenye eneo ambalo matawi ya Bonde la Ufa yanakutana, ardhi hutikisika mara kwa mara, nyingine hata hamuisikii. Taa isiyoweza kuvumilia mtoto anayekimbia haitavumilia hilo.

Taa ya kuning'inia inashikwa na mbao za paa. Fundi apande darini juu, akatize kipande cha mbao cha inchi 2 kwa 4 kutoka kenchi moja hadi nyingine, akipigilie vizuri, halafu bolti ya ndoano ipite kwenye mbao hiyo na kufungwa kwa washa na nati kwa juu. Jipsam itobolewe tundu la kupitisha tu. Mbao hamna shida nazo, mko karibu na Mafinga kuliko wengi wanaonisomea. Kisha mjaribu ndoano kabla ya taa kupanda. Viwango vya kimataifa vya taa vinataka kishikio kibebe uzito mara nne ya ule wa taa kwa saa nzima bila kulegea. Ipime taa kwenye mizani ya dukani. Ikiwa kilo 4, tundikeni ndoo ya lita 20 iliyojaa maji, iache hapo, mtu asipite chini. Isipodondoka wala kusogea, mmefaulu. Fundi akicheka, mwache acheke, ndoo ibaki.

Kuhusu waya uliokatwa, nimekasirika kidogo. Waya wenye michirizi ya kijani na njano ndio ethi. Taa yako ina mwili wa chuma. Siku waya wa moto ukichunika ndani na kugusa chuma, ethi ndiyo inayoupeleka umeme ardhini na kuifanya swichi kuu ijikate. Bila huo waya umeme unakaa palepale kwenye chuma, ukisubiri mkono wa anayefuta vumbi. Nikikumbuka ni nani hufuta vumbi nyumbani kwako, sitaki hata kuendelea. Urudishwe kwenye zote, na kama darini hakuna ethi iliyofika, ivutwe. Usidhani tu kwamba ethi hiyo itakulinda na radi zenu za masika, hiyo ni kinga nyingine kabisa. Safari hii mtafute fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, umwombe akuonyeshe. Mwenye nayo huionyesha bila kununa.

Sasa tuje kwenye uzuri, ambao ndio uliokufanya uandike.

Kosa la taa zako si kwamba ni mbaya wala kwamba ni ndogo. Ulizichagua kwa kuzitazama zenyewe, na taa ya kuning'inia huchaguliwa kwa kutazama dari iliyo juu yake na watu wanaopita chini yake. Zile picha za kwenye simu nyingi zimepigwa kwenye nyumba zenye dari ya mita tatu na zaidi. Yako ni mita 2.5. Toa mnyororo sentimita 25, toa kimo cha taa sentimita 40, inabaki mita 1.85. Baba watoto wa futi 6 na inchi 2 ana karibu mita 1.88. Hesabu imekwisha, hana kosa lolote yule baba. Mahali watu wanapopita, ncha ya chini ya taa inatakiwa iwe angalau mita 2.1 kutoka sakafuni. Hata ukiondoa mnyororo wote ukaibana kwenye ndoano, utapata kama mita 2.05, na bado wageni watakuwa wanainama kwa adabu wasiyoikusudia.

Kwa hiyo sebuleni katikati haiwezi kukaa, na koridoni usijaribu kabisa. Korido kila mtu anapita, tena usiku, tena na ndoo mkononi. Weka pale taa bapa ya kubandika darini, tusirudi tena kwenye korido.

Lakini kuna sehemu mbili nyumbani kwako ambazo hakuna anayepita, na hizo zinakutosha. Ya kwanza ni juu ya meza ya kulia. Mafundi wa mapambo hupenda taa ya juu ya meza iwe na upana kati ya nusu na theluthi mbili ya upana wa meza. Meza yako ni sentimita 90, taa yako 45, hiyo ni nusu kamili, kana kwamba mliagiza pamoja. Kimo chake ni sentimita 75 hadi 90 juu ya uso wa meza, ili mtu aliyekaa amwone mwenzake wa upande wa pili bila taa kumkinga uso na bila balbu kumchoma macho. Chukua 80. Kama meza ina kimo cha sentimita 75, ongeza 80, ongeza 40 za taa yenyewe, inabaki sentimita 55 za kushuka kutoka darini. Mnyororo wako ni 25. Chukua mwingine wa 25 kutoka kwenye taa ya chumbani, ambako hautahitajika, uunganishe, na ndoano itakamilisha. Mnyororo huungwa, ila waya hauungwi: nunua waya mpya mmoja mzima wa nyaya tatu, upite kutoka darini hadi kwenye taa bila kiungo njiani, na usiwe umevutwa, maana anayebeba uzito ni mnyororo. Kisha meza isihamishwe. Mkiwa watu wa kusogeza meza kila kukiwa na shughuli, mtagongana na taa upya.

Ya pili ni chumbani, na hapa ninakuuliza swali ambalo hukuligusa: chandarua kiko wapi? Najua Uyole kuna baridi na mbu ni wachache kuliko Kyela, lakini familia nyingi zenye watoto bado zinafunga. Chandarua cha duara na shandelia vinataka sehemu ileile, katikati juu ya kitanda, na balbu zako za chumbani ni za nyuzi, zinazochoma kidole. Chandarua kikiegemea pale usiku mtaamshwa na moshi. Isogeze taa pembeni, juu ya meza ya kujipodolea au juu ya ile kona ya kabati ambako mtu hasimami, ibane fupi bila mnyororo. Usiogope kwamba haiko katikati. Chumba kidogo chenye taa ya pembeni kinaonekana kimetulia, na kioo cha kujipodolea kikiwa karibu utaona vile vioo viko mara mbili. Kwa ukubwa iko sawa. Kuna kipimo cha haraka kinachotumiwa sana: jumlisha urefu na upana wa chumba kwa futi, jibu lisome kama inchi za upana wa taa. Futi 9 na 10 ni 19, inchi 19 ni kama sentimita 48. Yako 45.

Kwa kipimo hichohicho, sebule yako ya 12 na 14 inataka inchi 26, yaani sentimita 66. Kwa hiyo baba watoto anaposema sebule inahitaji kubwa zaidi, kuhusu upana amesema kweli. Tatizo ni kwamba shandelia kubwa za dukani zinakuwa ndefu pia, na dari yenu haitaongezeka kwa sababu mmenunua kitu cha bei. Akileta ya kimo cha sentimita 70 mtarudi kwenye kugonga vichwa, tena kwa chuma kizito zaidi. Mnachohitaji sebuleni ni kitu kipana na kifupi. Ningekuwa karibu ningewapeleka kwa seremala. Zamani huko Ulaya, kabla ya vioo, taa hizi zilikuwa mbao mbili zilizokatizana kama msalaba, mishumaa ikachomekwa kwenye ncha. Seremala wa kawaida anaweza kuwatengenezea fremu ya mraba ya paina, sentimita 66 kila upande, akaipiga vanishi, fundi umeme akafunga holda sita kwa chini, ikakaa sentimita 15 au 20 tu kutoka darini. Humo zitumike balbu za LED peke yake, kwa sababu mbao na balbu ya nyuzi havikai pamoja. Baba watoto aichore mwenyewe. Mwanamume akichora kitu hukipenda, na akikigonga hana wa kumlaumu.

Mwanga. Mama mkwe alikuumiza, lakini macho yake yako sawasawa. Angalia boksi la balbu, kuna namba inayoishia na herufi K. Nyeupe yako itakuwa 6500 au karibu na hapo, mwanga wa samawati unaofaa jikoni unapochambua mchele au pale mtoto anapofanya kazi ya shule. Kwenye sebule ya watu wanaotoka kwenye baridi ya Julai, mwanga ule unazidisha baridi machoni, tena ukipita kwenye vioo unachomachoma. Tafuta 2700 au 3000, mwanga wenye njano kidogo. Taa zote zinazoonekana kwa pamoja ziwe za namba moja: ukichanganya, hata taa ya gharama itaonekana imebahatishwa. Nenda na balbu moja mkononi maduka ya vifaa vya umeme Mwanjelwa, kwa sababu shingo nyembamba, inayoandikwa E14, haipatikani kila kioski. Vioski vingi vina za pini na zile za kuzungusha zenye shingo nene.

Aliyekwambia nyeupe haili umeme amekudanganya au amedanganywa. Rangi ya mwanga haihusiani na LUKU, kinachohusika ni wati. Zile za chumbani ni balbu 6 za wati 40, jumla wati 240. Zikiwaka kwa muda wa saa nne kila usiku ni karibu uniti 1 kwa siku, kama uniti 29 kwa mwezi, kwa taa moja ya chumba kimoja. Weka LED za wati 4, ambazo kila moja hutoa mwanga unaokaribia wa ile ya wati 40, zinakuwa wati 24, na mwezi mzima hauzidi uniti 3. Kundi la watumiaji wadogo wa nyumbani lina kikomo cha uniti 75 kwa mwezi. Kama mko humo, chumba chenu cha kulala peke yake kilikuwa kinakula zaidi ya theluthi moja ya nafasi yenu, na mkivuka, bei ya uniti inapanda. Badilisha hizo kabla ya kitu kingine chochote cha mapambo.

Ukungu mweusi kwenye vioo ni masizi ya lile jiko, nalo ndilo limenitisha kuliko ndoano. Mkaa unapoungua kwenye chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Mtu huanza kuumwa kichwa, anasinzia, na familia nzima inaweza isiamke. Masizi kwenye vioo unayaona, hiyo huioni. Jiko libaki nje au jikoni penye dirisha wazi, na mtu asilale chumba kimoja nalo hata likibaki majivu ya moto. Vaeni masweta, mzee wangu alituvika masweta mpaka mwezi wa nane na hatukufa.

Kusafisha ni rahisi. Zima swichi kuu, si ya ukutani tu, balbu zipoe, vua vioo kimoja kimoja kwenye beseni lenye taulo chini. Kwanza jua ni vioo kweli: kioo kikigusa shavu kina baridi, na viwili vikigongana vinalia. Plastiki ni nyepesi, haina baridi, inatoa mlio uliokufa. Kioo kioshe kwa siki kipimo kimoja na maji vipimo vitatu, kisha ukaushe kwa kitambaa laini. Plastiki ni maji vuguvugu na sabuni kidogo tu, usiipake spiriti, itapata nyufa ndogondogo na kufifia. Usipulizie maji ya dawa kwenye taa ikiwa juu, yanaingia kwenye holda.

Mama mkwe usimweleze chochote. Badilisha balbu, hamisha taa mezani, halafu baba watoto ampigie simu mama yake amwalike chakula cha mchana kinachofika jioni, ale chini ya taa hiyo. Mkwe akiambiwa "mama, ulisema kweli, tumebadilisha" na mwanawe mwenyewe, hilo linatosha. Wewe pakua.

Imebaki ya tatu. Usiitundike barazani kwa sababu tu imekosa mahali, si taa ya kunyeshewa, na chuma chake kitashika kutu kwa umande wenu. Kuna jambo moja la kuuliza: nyumba ya mama mkwe kule Tukuyu ina dari? Nyumba nyingi za wazee ziko wazi mpaka kwenye bati, na shandelia ya kimo cha sentimita 40 ikifungwa kwenye kenchi pale itakuwa juu sana kuliko kichwa cha mtu yeyote wa ukoo wenu. Muulize kwanza kama anaitaka, na umuulize akiwa ameshakula. Akikubali, peleka na balbu za 2700 na fundi wako mwenye leseni. Akikataa, iuze ikiwa bado kwenye boksi, hela yake inunue waya, LED 12 na ile taa bapa ya korido.